Siku sita nyuma ya maji ya mtaro

Siku ya kwanza: tundu lenye nondo saba

Safari nimeianza kwa magoti. Mbele ya nyumba yetu, pale lami inapokutana na njia ya waenda kwa miguu, kuna tundu la maji ya mvua lililofunikwa kwa chuma chenye nondo saba. Asubuhi nilipiga magoti hapo nikamulika tochi ndani. Chini kulikuwa na matope meusi, vichungi vya sigara visivyohesabika, gurudumu la gari la kuchezea la mtoto, na juu ya maji yaliyotuama utando wa mafuta unaometameta kama shingo ya njiwa. Bomba moja linaingia humo, jingine linatoka. Hilo linalotoka ndilo nililopanga kulifuata kwa miguu mpaka mwisho wake.

Sababu yenyewe ina aibu kidogo. Miezi michache nyuma nilipaka geti rangi, nikaosha brashi kwenye ndoo, na ndoo nzima nikaimimina kwenye tundu hilihili. Binamu yangu alikuwa amesimama kando. Kazi yake ni kupima maji ya mito, lakini hakunifokea; aliuliza tu, "Unadhani yanaenda wapi hayo?" Nikamjibu kwa kujiamini kwamba yanaenda mtamboni yakasafishwe. Akatikisa kichwa. "Ya chooni, sawa. Haya yanaenda mtoni kama yalivyo."

Miaka yote niliyoishi hapa sikulijua hilo, na tangu nianze kuulizauliza nimeona kwamba wenzangu ni wengi. Iko miji ya zamani, London na Paris zikiwemo, ambako maji ya mvua na ya chooni hupita bomba moja. Huko mvua ikizidi, bomba hufurika na mchanganyiko wote huishia mtoni. London imelazimika kuchimba handaki la kilomita 25 kando na chini ya mto Thames ili kuyadaka maji hayo, na kazi ya kuliunganisha lote ilikamilika mwaka 2025. Kwingineko mabomba hutenganishwa. Kwa upande wa kinyesi ni nafuu kubwa. Ila kila kilichoanguka barabarani kinapata njia yake ya kwenda kwa samaki, haina lango wala mlinzi.

Mkobani tuna chupa ndogo kumi na mbili, kipimajoto, karatasi za kupima asidi, wavu wa nyuzi nyembamba, sinia jeupe na machungwa sita. Habari ya machungwa nitaieleza kesho.

Siku nzima tumetembea juu ya bomba tusiloliona, tukifuata vifuniko vya chemba kama wawindaji wanavyofuata nyayo. Mara mbili tumelipoteza. Njiani binamu alinifundisha hesabu moja, na sasa kila nikiona paa naipiga: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 100, mvua ya milimita 20, lita 2,000. Tulipofika kwenye maegesho ya magari ya hekta moja hivi, niliipiga mwenyewe bila kuambiwa: milimita 25 zinatoa lita 250,000. Uwanja wa nyasi ungeyanywa mengi ya hayo. Lami hainywi, inayasukuma yote kwa mkupuo.

Hapo maegeshoni nikapangusa chini kwa kidole. Kikarudi cheusi, vumbi lake laini kama masizi. Sehemu ya vumbi hilo ni matairi yaliyosagika, na hapo ndipo binamu aliponisimulia kisa cha Seattle, mji wa Marekani. Huko, kwa miaka mingi, samoni wa aina ya coho waliorudi kutaga kwenye vijito vya mjini walikuwa wakifa kila mvua inaponyesha, matumbo yao yakiwa bado yamejaa mayai. Mwaka 2020 watafiti wakatangaza kwamba mhusika amepatikana. Ni kemikali iitwayo 6PPD, inayowekwa kwenye matairi ili mpira usipasuke. Ikikutana na ozoni ya hewani hugeuka kuwa 6PPD-kwinoni, na kiasi kidogo mno cha hiyo humuua samaki huyo ndani ya saa chache. Hakuna mtu aliyekwenda mtoni kumwaga sumu. Watu waliendesha magari kwenda kazini.

Jioni bomba likajitokeza, mdomo wa zege ambao mtu akiinama anapita, umening'inia juu ya kijito. Nilitegemea kuona uchafu unamwagika. Lilikuwa kavu, lina kamasi la kijani tu kwenye sakafu. Nikaona kama nimedanganywa.

Siku ya pili: juu ya bomba, chini ya bomba

Leo hatukumaliza hata kilomita mbili, na ndiyo siku niliyoifaidi zaidi.

Binamu hukipima kijito kwa kuwatazama wanaoishi humo kabla hajagusa kipimo chochote. Chupa, anasema, inakupa habari ya maji ya saa hii. Mdudu anakupa habari ya miezi yote aliyokaa pale, maana hakuwa na pa kukimbilia.

Tulianzia hatua sabini juu ya bomba. Unasimamisha wavu ukikabili mkondo, unasugua mawe kwa miguu mbele yake, unamimina kilichonaswa kwenye sinia jeupe lenye maji kidogo, kisha unatulia. Mwanzoni unaona majani na changarawe. Halafu changarawe zinaanza kutembea. Alikuwepo mdudu mwembamba mwenye mikia mitatu, ubavuni ana safu ya matamvua yanayopepea bila kupumzika. Hayo ndiyo anayopumulia. Alikuwepo mwingine bapa, wa mikia miwili, aliyeng'ang'ania jiwe kiasi kwamba jiwe tuliligeuza naye hakuachia. Mmoja alikuwa amejishonea nyumba ya vijiwe na kuivaa mwilini, kichwa tu kikichungulia. Na mtoto wa kereng'ende, mnene, ana sura ya mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Wengi wa hawa, hasa wale wa mikia, hawavumilii maji yaliyopungukiwa oksijeni.

Tukashuka hatua chache chini ya bomba, wavu uleule, sinia lilelile. Zilionekana nyuzi nyekundu zikijikunja na kujikunjua, nyingi sana. Ni lava wa kijidudu kinachofanana na mbu. Wekundu wao unatokana na himoglobini, kama iliyo kwenye damu yetu, na ndiyo inayowawezesha kuishi mahali ambapo hewa ni haba. Pamoja nao ruba wawili. Basi. Wa mikia mitatu hakuwepo hata mmoja. Niliinua jiwe nikaona sababu mojawapo: nafasi zote kati ya mawe zilikuwa zimezibwa na tope laini, jeusi. Vyumba vyao vilikuwa vimejaa udongo.

Sasa machungwa. Chungwa huelea likiwa limezama karibu lote, kwa hiyo upepo hausukumi, na likipotea halimdhuru mtu. Unapima mita 10 ukingoni, unalitupa katikati ya mkondo, unahesabu sekunde, kisha mwendo unaoupata unauzidisha kwa 0.85, maana maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. La kwanza lilitumia sekunde 31. La pili likaingia kwenye mfuko wa plastiki ulionasa kwenye mzizi, hatukuweza kulifikia. La tatu sekunde 29. Mwendo wa mtu anayetembea huku akiwaza.

Mzee mmoja aliyekuwa akivua upande wa pili alituvumilia muda mrefu, mwisho akauliza, "Mmepoteza nini humo, wanangu?"

"Hatujapoteza, mzee. Tunaupima mto."

"Mngekuja kuupima zamani." Akatuita. Kwenye ukingo kulikuwa na mti mkubwa ambao nusu ya mizizi yake inaning'inia hewani, na mzizi wa chini kabisa ulikuwa juu ya kichwa chake. Alipokuwa kijana, alisema, alikuwa akikaa juu ya mzizi ule miguu ikiwa majini. Mvua ikinyesha mto ulipanda siku nzima na kushuka wiki nzima. "Siku hizi unakuja kama ngumi. Kesho yake unavuka na viatu."

Baadaye binamu alinieleza. Maji yaliyopita kwenye lami hufika mengi, kwa wakati mmoja, tena bila mchanga wake wa kubeba, hivyo yanajitafutia mchanga kwenye kitanda na kingo za mto. Kijito kinajichimbia chini, kingo zinaporomoka, na maporomoko hayo ndiyo yanayowaziba wadudu wa huko mbele. Watafiti wa mito ya mijini wamekuwa wakisema tangu miaka ya 1990 kwamba dalili za kuumwa huanza pale ambapo karibu asilimia 10 ya eneo linalomwaga maji kwenye kijito imefunikwa kwa paa, zege na lami. Nilitazama mtelemko tuliotoka. Asilimia 10 tuliipita zamani.

Siku ya tatu: jua na malengelenge

Kilomita nyingi, mambo machache. Tumepita makalvati matatu, moja tumelitambaa. Miguu yangu haitaki kusikia habari ya kesho.

Jambo moja limenikera. Kuna eneo la ujenzi lililo mtelemkoni, kifusi cha udongo mwekundu kimerundikwa hatua chache kutoka majini. Walikuwa wameweka uzio wa kitambaa, kama inavyotakiwa, ila upindo wa chini haukufukiwa ardhini. Maji yatapita chini yake kama paka anavyopita chini ya mlango. Uzio wa kupigia picha. Tulimwambia msimamizi, akatusikiliza vizuri tu, akasema udongo si uchafu. Nimesikia wengi wakisema hivyo, na nilikuwa mmoja wao. Mwulize samaki ambaye mayai yake yamefunikwa.

Chungwa la nne tumelila, kwa kura iliyokuwa ya haki.

Siku ya nne: mvua

Ilikuwa imepita siku tisa bila tone. Alasiri mawingu yakajikusanya, nasi tukakimbilia mdomo wa bomba kubwa la mtaa wa gereji, tukapanga chupa juu ya ubao.

Kwa muda mvua inanyesha na bomba halina habari. Kisha ikaja harufu kabla ya maji, harufu ya mpira uliochomwa na jua na mafuta ya injini. Halafu mchirizi. Halafu ule mchirizi ukanenepa ukawa mweusi ti, unasukuma mbele yake povu la rangi ya kahawia lililobeba majani, vifuniko vya chupa, vipande vya vikombe, kandambili moja. Binamu akapiga kelele, "Sasa!" nikajaza ya kwanza. Baada ya hapo kila dakika tano, chupa moja.

Zote kumi na mbili ziko mbele yangu sasa ninapoandika, chini ya taa. Ya kwanza ukiweka kidole nyuma yake hukioni. Ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza. Ya tatu bado nyeusi. Kuanzia ya tano rangi inageuka kuwa kijivu, ya nane kivuli cha kidole kinaonekana, na ya kumi na mbili ningeweza kusoma maandishi nyuma yake. Bomba ni lilelile, mvua ni ileile. Vitu vyote ambavyo siku tisa zilikuwa zimeviweka kwenye barabara na mapaa viliondoka ndani ya robo saa ya mwanzo. Nimeelewa kwa nini juzi bomba lilikuwa kavu na wadudu hawapo. Niliwahi kuwaza kwamba mchafuzi ni mtu wa kumvizia na kumkamata. Hapa ungelazimika kuwakamata wakazi wote kwa wakati mmoja, kwa kosa la kunyeshewa.

Ndiyo maana pia wahandisi huangalia sana maji ya mwanzo. Sehemu nyingi za Marekani hutaka ujenzi mpya uweze kumeza au kuchuja milimita 25 hivi za kwanza, na si mafuriko yote. Huko Marekani kwenyewe sheria kuu ya maji safi ya mwaka 1972 ilianza kwa kubana mabomba ya viwanda na maji taka. Maji ya mvua ya mijini yalikuja kuingizwa rasmi kwa marekebisho ya mwaka 1987. Naelewa kuchelewa huko. Kiwanda kina mwenye nacho. Mvua utamshitaki nani?

Mengi yaliyomo kwenye chupa hizi macho hayayaoni. Zinki hutoka kwenye mabati na matairi. Shaba hutoka kwenye breki za magari, na hata kidogo tu humpotezea samoni uwezo wa kunusa, akashindwa kujua adui anakuja. Kwa sababu hiyo majimbo ya Washington na California yalipitisha sheria mwaka 2010 za kupunguza shaba kwenye breki. Kuna kinyesi cha mbwa na vimelea vyake. Karatasi zangu za asidi hazikuonyesha lolote la ajabu, wala nisingezilaumu, hazikutengenezwa kwa ajili hiyo. Kipimajoto kilisema zaidi: maji ya bombani, yaliyopita kwenye lami iliyochomwa na jua, yalikuwa na joto kuliko ya mtoni kwa nyuzi nne. Maji ya nyuzi 10 hubeba oksijeni kiasi cha miligramu 11 kwa lita. Ya nyuzi 30 hubeba 7.5 tu. Samaki anapewa uchafu huku akibanwa pua.

Chungwa la tano: mita 10 kwa sekunde 4, kisha likatokomea. Katika kulikimbilia niliteleza ukingoni, maji yakanifika magotini na yakaning'oa kama unavyong'oa mchicha. Binamu alinidaka kwa mkoba. Buti moja limekwenda. Maneno aliyoniambia siyaandiki.

Siku ya tano: bustani iliyokosa mlango

Nimetembea na viatu vya kuazima, taratibu.

Leo tumefika mahali ambapo watu wamejaribu. Kando ya barabara kumechimbwa shimo pana, la kina cha goti, likajazwa mchanga uliochanganywa na udongo na mboji, juu yake matete na majani marefu. Binamu huziita bustani za mvua. Wazo hili lilishika kasi mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Prince George's County, jimbo la Maryland, Marekani. Maji ya barabarani huingia, hutuama saa chache, hunywewa taratibu. Mchanga huchuja, mizizi hula, vijidudu vya udongoni humalizia. Wale samoni wa Seattle waliwahi kujaribiwa hivyo: waliowekwa kwenye maji ya barabarani kama yalivyo walikufa, waliowekwa kwenye maji yaleyale baada ya kupitishwa kwenye udongo wa namna hii wakaishi. Kwa tiba inayotengenezwa kwa koleo, sijui ungetaka nini zaidi.

Bustani tuliyoiona ilikuwa nzuri, ina maua na vipepeo. Tatizo ni kwamba ilikuwa kavu, siku moja baada ya mvua kubwa. Tukaizunguka tukitafuta sababu. Ukingo wa barabara ulikuwa umekatwa nafasi ya kupitishia maji, upana wa viganja viwili, na nafasi hiyo ilikuwa imezibwa kabisa na majani makavu, mchanga na chupa moja ya plastiki iliyokaa kama kizibo. Maji yote ya jana yalipita mbele ya mlango yakaenda zake. Tulifukua kwa mikono, dakika kumi hazikufika. Halafu tukamimina chupa ya maji kwenye lami tukaitazama ikigeuka, ikaingia, ikapotea chini ya matete. Nimeshangaa jinsi nilivyofurahi.

Usiku tumebishana. Mimi nilitaka miji yote ijazwe bustani hizi kesho asubuhi. Binamu akanikumbusha China, iliyoanzisha mpango wa miji-sponji, yaani miji inayojengwa ili inywe maji ya mvua kama sponji, na kuchagua miji 16 ya majaribio mwaka 2015. Zhengzhou nao ni mji uliokuwa ukijijenga hivyo, na tarehe 20 Julai 2021 mvua ya milimita 201.9 ikaanguka humo ndani ya saa moja. Hakuna sponji linalomeza hiyo. "Hizi ni za mvua za kila wiki," akasema. "Na mvua za kila wiki ndizo zinazomwua yule wa mikia mitatu."

Siku ya sita: mdomo wa mto

Bahari. Mto umepanuka, umetulia, una rangi ya vumbi. Kabla tu ya kufika mwisho kuna kizuizi cha maboya kilichotandazwa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na nyuma yake takataka za mvua ya juzi zimejipanga kama hadhira. Huko Baltimore, Marekani, waliweka mwaka 2014 gurudumu linalozungushwa na mkondo wenyewe na umeme wa jua, likizoa takataka kwenye mdomo wa mto na kuzimwaga kwenye pipa kubwa. Wakazi wamelibandika macho makubwa na kulipenda. Nami ningelipenda. Lakini nilisimama kwenye maboya nikitazama yanayopita chini yake, maji yenyewe, pamoja na shaba, zinki na vumbi la matairi, ambayo hayawezi kuzolewa na gurudumu lolote.

Chungwa la sita nililitupa kwa ajili ya kumbukumbu tu. Likaelea mahali pamoja, likasitasita, kisha likaanza kurudi tulikotoka. Maji ya bahari yalikuwa yanajaa. Binamu akacheka mpaka akakaa chini.

Kurudi nyumbani kwa basi kumechukua dakika arobaini.

Nilipokaribia geti nikamkuta jirani anaosha gari barabarani. Ndoo mbili, sabuni, povu jeupe linashuka taratibu ukingoni kuelekea kwenye zile nondo saba. Nilitua mkoba. Sikuwa na hotuba. Nilikuwa nimechoka na nilivaa viatu vya mtu.

"Jirani, nikusaidie kulisukuma mpaka kwenye nyasi zetu?"

"Kwani hapa pana nini?"

"Hilo tundu linaenda mtoni."

"Si linaenda kwenye mitambo?"

Nikamwambia nilikuwa nikidhani hivyo mimi pia. Akanitazama, akatazama viatu, akaachia breki ya mkono. Tukasukuma. Povu lililokuwa limekwisha kutangulia lilifika viganja viwili kutoka kwenye tundu likaanza kukauka, nami nikaenda kuleta ufagio.